Siku Sita kwa Mwinjuma

Babu yake mama yangu aliitwa Mwinjuma. Alikuwa mpagazi, kisha mpiga mke, kisha mtu aliyekaa kwenye kibanda chini ya kijiji chetu cha Kinole akiwazuia wanaume wenzake wasirudi nyumbani kwao. Wazee wa kwetu wakimtaja siku hizi humtaja kwa hilo la tatu tu. Anayetaka kumsifu kwa kibanda bila kuutaja mkono wa bibi Hidaya asije kunisimulia mimi, maana hilo moja limezaliwa na jingine.

Bibi Hidaya alikuwa mkewe. Kwetu milimani mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Ardhi ni ya ukoo wa mke, lukolo lake, nyumba ni ya mke, na mume anakaa pale kama mgeni wa heshima mradi naye awe na heshima. Mwinjuma alikaa vizuri miaka minane. Alilima, alijenga, wakapata binti mmoja, Chausiku, ambaye ndiye bibi yangu mzaa mama. Kisha jumbe akaandikisha watu wa kubeba mizigo ya Wajerumani kwenda Kisaki, na Mwinjuma akawa mmoja wao.

Masika yalikuwa yamekolea. Walipokuwa wakivuka mto mguu wake uliteleza, na sanduku alilobeba likachukuliwa na maji. Mzungu aliyeongoza msafara hakutaka maelezo. Mwinjuma alilazwa kifudifudi mchangani, wapagazi wenzake wawili wakamshika miguu, wawili mikono, na askari akampiga hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Alilia. Zaidi ya kulia, alijikojolea mbele ya watu aliokula nao chungu kimoja. Halafu akatwishwa mzigo mwingine, akaubeba mpaka mwisho wa safari.

Alirudi Kinole asubuhi moja, na Hidaya alikuwa uani anatwanga. Alipomwona alicheka kwa furaha, kwa sababu walishaambiwa kuna wapagazi waliokufa. Akamwuliza, "Mbona unatembea hivyo?" Hilo tu ndilo alilouliza. Mwinjuma akamnyang'anya mchi akampiga nao. Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili, na aliyeuganga hakuweza kuunyoosha. Mimi nimeuona kwa macho yangu nilipokuwa mdogo. Ulikuwa umepinda chini ya kiwiko, na hakuweza kuinua jembe kupita bega.

Kaka yake Hidaya, Pazi, ndiye aliyekuwa mndewa, mkuu wa ukoo. Hakufoka. Alichukua jembe la Mwinjuma na mkeka wake akaviweka nje ya uzio, na ndoa ikaishia hapo. Mwinjuma akaenda kukaa kwa dada yake Mwaisha, ng'ambo ya bonde.

Wanasema alikaa huko karibu miaka miwili bila kuzungumza na mtu zaidi ya salamu. Katika miaka hiyo wanaume waliendelea kuchukuliwa na kurudishwa: barabara, mashamba ya pamba, na baadaye reli ilipokuwa inakuja Morogoro. Kila waliporudi, hasa waliorudi wamepigwa, haikupita siku ya tatu usisikie fulani amemng'oa mkewe meno, fulani amemchoma mkewe kwa kijinga cha moto. Wanawake walilijua jambo hilo zamani. Wakiona wanaume wanapanda mlima kutoka kazi ya Mzungu, waliificha michi. Mwinjuma alikuwa mwanamume wa kwanza kulisema mbele ya watu.

Alikwenda kwa Pazi, akakaa chini pale wanapokaa wageni, akamwambia kwamba hakuja kuomba arudishiwe mke, kwa kuwa hastahili. Alichotaka ni kipande cha ardhi ajenge kibanda, kule njia ya kutoka bondeni inapoingia migombani, kabla ya nyumba ya kwanza. Kila mwanamume anayerudi kutoka kazi ya Mzungu akae humo siku sita ndipo amwone mkewe. Pazi alimwuliza atamlazimishaje mtu mzima. Mwinjuma akasema watakaolazimisha ni wanawake: mume ambaye hakupita kibandani asipikiwe na asifunguliwe mlango, maana milango ni yao. Pazi alikaa na neno hilo mwezi mzima. Mpwa wake mmoja alipotolewa jicho na mumewe, alimwita Mwinjuma akampa ardhi.

Kwa nini sita? Nilimwuliza bibi Hidaya, akanijibu kwamba Mwinjuma mwenyewe alimwambia, miaka mingi baadaye, kuwa hasira yake ilimtoka siku ya sita. Alikuwa amelala kwa Mwaisha, ikamtoka kama homa inavyomtoka mtu, akaamka akaona alichokifanya. Alidhani kila mwanamume ni kama yeye.

Humo kibandani hapakuwa na dawa ya ajabu. Mlangoni mtu aliacha fimbo, panga na kisu. Pombe ilikatazwa. Asubuhi na jioni Mwinjuma aliwaosha migongo kwa maji ya moto yenye chumvi, kisha akaipaka asali. Alipokuwa akiosha alisimulia yake: jinsi alivyolia, jinsi alivyojikojolea, nani alimshika miguu, na jinsi alivyorudi akamvunja Hidaya mkono kwa sababu ya swali la mapenzi. Alisimulia bila kujipunguzia. Kisha alinyamaza, akangoja. Wengi walianza kusema siku ya tatu au ya nne. Alitaka waseme lile hasa wanaloliona aibu, waliseme kwa mdomo, kwa mwanamume mwenzao, wasije wakaenda kulisema kwa ngumi kwa mtu ambaye hata hakuwepo.

Wala hakuwaachia wamtupie Mzungu kila kitu. Kwa hilo nampenda, pamoja na yote. "Kiboko kilikuwa cha Mzungu," alikuwa akiwaambia, "lakini mchi niliuchukua mimi."

Watu walimcheka, bila shaka. Wanaume walikiita kibanda Uzazini, kwa vile mtu anakaa ndani, analetewa uji, anakandwa kwa maji ya moto kama mwanamke aliyejifungua. Severini, mmoja wa waliobatizwa misheni, alipopelekwa mara ya kwanza alicheka siku mbili nzima na kuuliza maziwa yake yatatoka lini. Siku ya nne alilia mpaka akatapika. Alikuwa amelazimishwa kumshika miguu ndugu yake tumbo moja akipigwa, na ndugu huyo alikufa. Alirudi kwa mkewe Scholastika mtu aliyetulia, na Scholastika alizeeka akiwa na meno yake yote. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kutosha.

Si wote waliosaidika. Wapo waliotoroka siku ya pili, wapo waliokaa sita zote wakatoka wakiwa walewale. Lakini kwa miaka kama kumi hivi, wanawake wa upande wetu waliwaona waume zao wakipanda mlima bila kuficha michi, na jambo hilo hawakuwa nalo wanawake wa bondeni.

Sasa nije kwa Rehani, maana siwezi kuendelea kumzunguka.

Rehani alikuwa kijana wa upande wa Mkuyuni, na ndiye aliyemwoa Chausiku. Alikuwa mzuri wa sura, mcheshi, fundi wa kuimba watu wanapolima pamoja, na tangu mwanzo alikuwa na mkono mwepesi. Alimpiga Chausiku kofi mwaka wa kwanza kwa chakula kilichochelewa. Mwaka wa pili, mama yangu akiwa bado ananyonya, alimkaba shingo kule mtoni mbele ya wanawake wenzake, kisha akamwomba radhi kwa machozi. Pazi alimwita akamwonya kwamba jembe lake na mkeka wake havina mizizi pale. Rehani alisikia, na kwa miezi kadhaa mambo yakapoa. Ndipo jumbe akamwandikia kipande, yaani kadi ya siku za kazi, cha kwenda kufanya kazi kwenye shamba la Mzungu mmoja kule bondeni. Alikaa miezi minne.

Habari zake zililetwa na Severini, aliyekuwa huko huko. Rehani alikuwa amepigwa mara mbili. Mara ya pili alivuliwa nguo zote, akapigwa mbele ya wanawake waliokuwa wakipalilia, na mnyapara akawaamuru wanawake hao wacheke. Walicheka, wangefanya nini. Severini alisema tangu siku hiyo Rehani hakuimba tena wala hakumjibu mtu, na kwamba kipande chake kimekwisha, atakuwa nyumbani kesho kutwa.

Chausiku alimwachia mama yake mtoto, akateremka mpaka kibandani kwa baba yake. Alikwenda mchana kweupe, njia ya katikati ya mji, ili kila mtu amwone. Alimwambia kwamba wote aliowazuia kibandani ni sawa, lakini huyu ndiye wa kumzuia kuliko wote.

"Akipiga kelele simwogopi," alisema. "Akinyamaza ndiyo naogopa. Baba, ukimwacha huyu ataniua."

Mwinjuma akamjibu, "Ni mkwe wangu, mwanangu."

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo hula sahani moja na wakwe zao wakaangaliana usoni. Zamani zile mkwe alikuwa mtu wa kuepukwa. Mkikutana njiani mmoja aliingia majanini. Hamkukaa nyumba moja, hamkutajana majina, na salamu ilipitia kwa mtu wa tatu. Kumwona mkweo mwili mtupu kulikuwa kitu cha kuharibu kila kitu: wazee wangesema ukwe umevunjika, na ukwe ukivunjika ndoa nayo imekwisha. Sasa fikiria kazi ya Mwinjuma. Ilimpasa amvue mkwewe nguo aoshe mgongo wake. Ilimpasa amsimulie alivyojikojolea. Na ilimpasa amweleze alivyomvunja mkono Hidaya, mama mkwe wa kijana huyo, mtu ambaye Rehani hakuthubutu hata kukanyaga kivuli chake. Wanaume wa mlima mzima walikuwa wamesikia habari hiyo kutoka mdomoni mwake. Rehani peke yake hakuwa amesikia, kwa kuwa hakuna aliyeona ni adabu kumwambia.

Chausiku alimwambia baba yake kwamba hayo yote anayajua. Akaongeza kuwa hana mtu mwingine wa kumwambia, kisha akapanda mlima kurudi kwa mama yake.

Mwinjuma alifanya alichoona kinafaa. Alimwita Salehe, mtoto wa dada yake Mwaisha, kijana aliyewahi kukaa humo siku zake sita mwenyewe. Akamfundisha maji yawe na moto gani, asali ipakwe vipi, na anyamaze wakati gani. Salehe alikuwa mtu mwema. Lakini alikuwa mtu wa mizaha, umri mmoja na Rehani, na kitu cha kusimulia hakuwa nacho sana: alipigwa viboko sita tu na hakumpiga mtu.

Rehani alifika asubuhi. Watu walitarajia atapita moja kwa moja, lakini aliacha fimbo yake mlangoni, akainama, akaingia mwenyewe. Mwinjuma alikuwa ameshatoka. Alikwenda kukaa nyuma ya kibanda, mgongo wake umegusa ukuta wa nje, na hapo alikaa kutwa nzima akisikiliza.

Hapakuwa na cha kusikiliza. Salehe alileta maji, Rehani akakataa kuvua nguo. Alikuwa amejifunga kaniki kuukuu iliyogandamana na mgongo, na ilikuwa inanuka. Salehe alijaribu mzaha, akajaribu kunyamaza, akajaribu kusimulia viboko vyake sita. Rehani alimtazama tu. Uji alikunywa. Usingizi hakulala, alikaa ameegemea nguzo na magoti yake kifuani.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, alifungua mdomo mara moja. Alimwuliza Salehe, "Mzee yuko wapi?" Salehe akamwambia yuko nje, na kwamba Rehani mwenyewe anajua kwa nini. Rehani akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye magoti yake.

Salehe akatoka, akazunguka nyuma, akamwambia mjomba wake kwamba hawezi kazi hii. Akamwambia mtu anamwulizia yeye, na akamwomba aingie. Mwinjuma aliinuka. Alikwenda hadi mlangoni, akaweka mkono kwenye mwimo, akakohoa kama mtu anavyobisha hodi kwa wanaomjua. Alisimama hapo muda. Salehe alisema mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti.

Kisha akaurudisha. Alimwambia Salehe kwa kunong'ona kwamba jambo hili si la kuamua peke yake, kwamba akiingia atakuwa amemvunjia mwanawe ndoa bila kumwuliza mtu, na mtoto mdogo atakuwa hana baba. Siku zimebaki nne, alisema, kuna muda. Aende kwa Pazi aombe ruhusa ya ukoo, kisha aingie kwa haki. Akapanda mlima saa ileile, karibu anakimbia.

Nimewahi kulia kwa ajili ya hatua hiyo moja aliyoirudisha. Siku nyingine nimemtukana Mwinjuma kwa sauti nikiwa shambani peke yangu. Alikuwa amekwisha vunja heshima zote mbele ya wanaume wote. Alikuwa amewaambia wageni kwamba alijikojolea. Ilipofika kwa mtu mmoja aliyeshika uhai wa mwanawe mkononi, akakumbuka adabu.

Pazi alimsikiliza. Naye hakutaka kuamua peke yake, akawaita wazee wa ukoo wakutane asubuhi inayofuata. Walikutana siku ya tatu uani kwake, wazee watano, na Mwinjuma akakaa pembeni. Hawakukataa. Hilo ndilo linaloniuma: hata mmoja hakukataa. Walikubali mapema kwamba baba mkwe anaweza kuingia ikiwa ukwe utatengenezwa baadaye kwa mbuzi. Kilichobaki ni mbuzi atoke upande gani, awe dume au jike, na nani amchinje, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwahi kutokea na kila mmoja alitaka lisije likafanywa vibaya. Walikuwa bado kwenye mbuzi jua lilipopanda.

Kule chini Salehe alikwenda kuteka maji. Aliporudi kibanda kilikuwa kitupu, na fimbo ya Rehani ilikuwa bado mlangoni. Hilo lilimpa moyo, akadhani mtu ameingia tu migombani kujisaidia. Alingoja kidogo. Kisha akaanza kukimbia kupanda.

Chausiku alikuwa amelala kwa mama yake siku zote hizo, kama walivyokubaliana. Asubuhi ile alikwenda nyumbani kwake kuchukua mbegu za maharage. Baadaye watu waliuliza alifuata nini kule, na mpaka leo wapo wanaouliza. Nawajibu hivi: alikwenda nyumbani kwake. Nyumba ilikuwa yake, mbegu zilikuwa zake, mvua ilikuwa imenyesha na ilikuwa siku ya kupanda. Mtu asiniulize tena swali hilo.

Waliyosemezana hayajulikani. Jirani alisikia sauti ya Chausiku ikiuliza kitu, sauti ya kawaida, kisha hakusikia maneno tena. Rehani alitumia mpini wa jembe. Salehe alipofika alimkuta ameketi kizingitini, mikono juu ya magoti, na Chausiku ndani juu ya mbegu zilizomwagika. Hidaya alikuja mbio akampakata mwanawe kwa ule mkono uliopinda. Chausiku aliishi mpaka karibu na adhuhuri, lakini hakusema neno. Alikuwa na miaka ishirini au ishirini na mmoja. Mama yangu alikuwa na miaka miwili.

Kilio kilipanda mlima mpaka uani kwa Pazi. Wazee waliinuka mmoja mmoja. Mwinjuma hakuinuka, ilibidi wamshike makwapa.

Walimzika Chausiku siku ileile alasiri. Mtu akiniambia Mwinjuma alifanya nini makaburini sitaki kusikia, na bibi Hidaya naye hakutaka kusema. Alichoniambia ni kwamba baada ya maziko Mwinjuma alimjia, akasimama mbele yake, na yeye akamwambia maneno haya: "Mimi ulinipiga ulipokuwa huna akili. Huyu umemwua ukiwa na akili zako." Alinieleza hayo akiwa mzee sana, na alisema hajuti, ingawa alijua hayakuwa kweli yote.

Mwinjuma hakukifunga kibanda. Watu walidhani atakichoma moto. Badala yake alikaa humo miaka sita zaidi, akawa mtu asiye na haya hata kidogo. Aliingia kwa mkwe, kwa mpwa, kwa watoto wa watu wengine, kwa shehe na kwa mkatekista. Akikuta mtu amegoma kuvua nguo, anamvua. Wapo waliomdharau kwa hilo na kukataa kumpa mkono. Mikutano ya wazee hakuhudhuria tena, na alipoitwa hakuitika. Vita vya Wazungu vilipofika kwetu kila upande ulikamata wapagazi, na ingawa alikuwa mzee walimchukua. Alifia njiani upande wa Kisaki, hatujui wapi. Kibanda kilianguka mvua za mwaka uliofuata, na hakuna aliyekijenga tena. Wanaume waliorudi kutoka vita hivyo walikwenda moja kwa moja nyumbani kwao, na wanawake wakarudi kuficha michi.

Hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni. Lililobaki nililisikia nikiwa mtu mzima mwenye watoto, kwa Salehe, ambaye aliishi sana. Alikuwa hajamwambia mama yangu, na aliniomba nami nisimwambie. Sikumwambia mpaka alipofariki.

Rehani hakukimbia. Walimfunga kamba wakamweka ghalani kwa Pazi kuwangoja askari wa jumbe, waliokuja kesho yake wakampeleka bomani. Hakurudi, wengine walisema alinyongwa, wengine alikufa kifungoni. Lakini ile jioni ya maziko, jua likiwa bado lipo, Mwinjuma alikwenda ghalani na chungu cha maji ya moto, Salehe akiwa nyuma yake. Pazi alikuwa ameketi mlangoni. Hakuwazuia. Alisema tu kwamba Chausiku amekwisha zikwa, kwa hiyo ukwe umekwisha, na Mwinjuma anaweza kuingia.

Aliingia. Rehani alipomwona aligeuza uso ukutani, kwa mazoea ya heshima. Mwinjuma akapiga magoti, akailoweza ile kaniki maji mpaka ikaachia nyama, akaivua. Salehe alisema mgongo ulikuwa umeoza, na alitamani kutoka. Mwinjuma akaanza kuosha. Aliosha polepole kama alivyowaosha wengine, akaanza kusimulia: mto, sanduku, waliomshika miguu, jinsi alivyojikojolea, Hidaya uani na mchi. Alisimulia yote mpaka mwisho, sauti yake haikupanda wala kushuka. Kisha akanyamaza kama desturi yake, akangoja.

 Rehani akasema bila kugeuka:

"Jana nilikusikia unakohoa mlangoni, mzee. Nikasema moyoni, akiingia nitavua."

 Maji yalikuwa yamekwisha chunguni, Mwinjuma akamwambia Salehe akalete mengine.